Urembo unaouma: Msuko wa kukaza waweza kukuachia upara

JE, msomaji mpendwa, ni mara ngapi umetoka saluni ukiwa umesukwa ukasukika, kila anayekuona anakusifu, ilhali wewe mwenyewe huwezi kuinua nyusi wala kulalia ubavu kwa jinsi kichwa kinavyokuwanga? Ni mara ngapi umemeza tembe mbili za kutuliza maumivu usiku huo, ukajiambia kwamba kufikia kesho kutwa kichwa kitakuwa 'kimezoea'?

Ikiwa kwako hayo ni mambo ya kawaida, basi makala haya yanakuhusu. Na ikiwa wewe ni baba au kijana wa kiume na ulikuwa tayari unafungua ukurasa wa michezo, hebu tulia kidogo. Huenda anayelia chumbani kwa sababu ya msuko ni bintiyo, dadako ama mkeo, na pesa za msuko huo zimetoka mfukoni mwako.

Katika miji yetu, maumivu ya kusukwa yamekubalika kuwa sehemu ya urembo. Msichana akilia huku kichwa chake kikiwa kimebanwa katikati ya magoti ya shangazi, huambiwa anyamaze kwa kuwa urembo hauji bure. Msusi anayekaza nywele kama ngozi ya ngoma husifiwa kuwa ana mkono mzuri, maana kazi yake hudumu. Yule wa mkono mwepesi hulaumiwa kwamba misuko yake hulegea upesi. Matokeo ni kwamba wengi wetu tunalipa ili tuumizwe, na tusipoumia tunahisi tumepunjwa!

Lakini kichwa hakiumi bure. Maumivu hayo ni ujumbe, na ujumbe wenyewe ni kwamba nywele zako zinang'olewa polepole.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Madaktari wa ngozi huuita alopesia ya mvuto, yaani kunyonyoka kwa nywele kunakosababishwa na kuvutwa kwa muda mrefu. Ili uuelewe vyema, ni lazima kwanza ujue jinsi unywele unavyoota.

Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000. Kila unywele umesimama ndani ya kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi, na mzizi wake hulishwa na mishipa midogo ya damu. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, baina ya miwili na sita, kwa kiasi cha sentimita moja hivi kila mwezi. Kisha hupumzika kwa miezi mitatu hivi na kuanguka, na mwingine huota mahali pake. Ndiyo maana ni kawaida kabisa kupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku bila ya kichwa kuonekana kuwa na upungufu wowote.

Sasa chukulia kwamba kifuko hicho kinavutwa usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Kwanza ngozi inayokizunguka huwasha na kuvimba. Kisha unywele hukatiza safari yake ya kukua, ukaingia katika mapumziko kabla ya wakati na kuanguka. Unaoota badala yake huwa mwembamba zaidi. Mvuto ukiendelea kwa miaka, kifuko chenyewe huharibika na mahali pake pakajaa kovu. Kovu halioti nywele, sawa na vile kovu la mguuni lisivyoota malaika.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii: hatua za mwanzo zinaweza kurekebishwa na nywele zikarudi zote, lakini ya mwisho haina marejeo. Na kwa kawaida hakuna kengele inayolia kukujulisha kwamba umevuka kutoka hatua moja hadi nyingine.

Hayakuanza leo

Wako wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya mwanamke Mwafrika peke yake, au kwamba nywele zetu zina kasoro ya kimaumbile. Sivyo hata kidogo. Maelezo ya kwanza ya kitabibu kuhusu maradhi haya yaliandikwa mwaka wa 1907, na wagonjwa wenyewe walikuwa wanawake na wasichana wa Greenland, kule kwenye barafu ya kaskazini. Walikuwa na desturi ya kuzivuta nywele zao zote na kuzifunga fundo la nguvu, na baada ya miaka nywele za pembeni zikatoweka. Vilevile madaktari wameyaona miongoni mwa wanaume wa Kisinga, ambao hawanyoi nywele bali huzifunga kwa kukaza chini ya kilemba.

Kwa hivyo mkosaji ni mkono unaovuta, wala si aina ya nywele. Hata hivyo, ni kweli kwamba akina dada wa Kiafrika wamo katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu mitindo mingi tunayoipenda ni ya kuvuta, na tunaianza tungali wachanga.

Uchunguzi mkubwa kuhusu jambo hili ulifanywa nchini Afrika Kusini na kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Nonhlanhla Khumalo, mtaalamu wa magonjwa ya ngozi na nywele katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kila watatu waliochunguzwa alikuwa na dalili za maradhi haya. Miongoni mwa wanaume, ni wawili hivi tu kati ya kila 100.

La kutisha zaidi ni habari za watoto wa shule. Miongoni mwa wasichana wadogo waliokuwa wameanza tu shule ya msingi, asilimia 8.6 walikuwa tayari wameathirika. Miongoni mwa wale waliokuwa wakikaribia kumaliza shule ya upili, asilimia ilikuwa imepanda hadi 21.7. Wavulana je? Hakupatikana hata mmoja. Mzazi, tafakari hesabu hiyo. Mtoto wa miaka sita au saba hajichagulii msuko. Aliyemchagulia ni mtu mzima.

Mitindo ya kuangaliwa

Usidhani kwamba ni rasta peke yake zinazoleta balaa. Chochote kinachovuta mzizi kwa muda mrefu kinaweza kukuharibia.

Rasta nyembamba na ndefu zinazofika kiunoni ni hatari kwa sababu vinywele vichache hubebeshwa mzigo mzito wa nywele bandia. Matuta yanayosukwa kuelekea nyuma huvuta ukingo wa mbele. Wivu hushonwa juu ya matuta, na mara nyingi matuta hayo hukazwa kupita kiasi ili yaweze kuustahimili uzito. Wigi za kubandikwa kwa gundi hung'oa vinywele vya paji la uso kila zinapobanduliwa. Hata wale wasiosukwa kamwe, bali huzivuta nywele nyuma kila asubuhi, wakazipaka jeli na kuzifunga kwa mpira mahali pale pale, hawajaepuka. Na kwa wale wanaovaa hijabu au kilemba, kitambaa hakina makosa. Tatizo huwa ni fundo linalokazwa chini yake.

Nao vijana wa kiume wenye dredi wasicheke. Kadiri dredi zinavyorefuka ndivyo zinavyokuwa nzito, na akizivuta na kuzifunga kila siku, panja zake zitaanza kurudi nyuma kama za babu yake.

Jambo jingine la kuzingatia ni dawa za kulainisha nywele. Dawa hizi hufanya kazi kwa kuvunja nguvu za ndani za unywele ili uache kujikunja. Unywele uliokwisha kulainishwa kwa dawa ni dhaifu, na kuusuka kwa kuukaza ni sawa na kumtwika gunia mtu aliyetoka kitandani kwa homa. Watafiti wale wale wa Afrika Kusini walibaini kwamba hatari huwa kubwa zaidi pale dawa na mvuto vinapokutana kichwani.

Dalili ya mvua ni mawingu

Usiku wa leo, kabla ya kulala, simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha. Tazama panja zote mbili, juu ya masikio, ukingo wa paji la uso, na umwombe mtu akutazamie kisogo. Hizo ndizo sehemu zinazoumia kwanza, maana nywele zake ni laini na ndizo zinazovutwa zaidi. Ukiona dalili zifuatazo, jua mambo yameanza kwenda mrama:

Kwanza, maumivu au mwasho unaodumu baada ya kusukwa.

Pili, vipele vidogo, pengine vyenye usaha, vinavyotokea kwenye mashina ya nywele siku moja au mbili baada ya msuko. Wengi huvidhania kuwa ni joto.

Tatu, ngozi iliyoinuka kama vijihema mahali ambapo kila rasta imeanzia. Ukiona hivyo, msuko umekazwa kupindukia.

Nne, vijineli vyeupe vinavyouzunguka unywele karibu na shina, na ambavyo huteleza ukivivuta. Mara nyingi hudhaniwa kuwa mba au mayai ya chawa.

Tano, ukingo wa nywele unaorudi nyuma, huku kamstari kembamba ka vinywele vifupi kakiwa kamebaki mbele yake. Kamstari hako ni ushahidi ambao madaktari huutumia kutofautisha maradhi haya na mengine.

Kumbuka pia kwamba si kila kunyonyoka kwa nywele kumeletwa na msuko. Mtoto mwenye mabaka ya mviringo yenye magamba huenda ana choa, kile ambacho watoto huita mashilingi, na hicho kinahitaji dawa ya kumezwa. Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita anaweza kupoteza nywele nyingi kichwa kizima, na kwa kawaida zikarudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma katika damu na matatizo ya tezi ya shingo pia huziangusha nywele. Upara unaoanzia utosini na kupanuka kuelekea pembeni ni maradhi mengine tena. Kwa sababu hiyo, usijitibu kwa kubahatisha.

Mtego wa kuficha

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Dada anapogundua kwamba panja zimeanza kumeremeta, jambo la kwanza analofikiria si kupumzisha kichwa bali ni kuficha. Anarudi saluni na kuomba msuko utakaofunika mahali palipo wazi. Msusi naye hulazimika kuvikamata vile vinywele vichache vilivyosalia na kuvikaza ili viweze kushika nywele bandia. Baada ya miezi miwili, vinywele hivyo navyo vimekwenda, na pengo limepanuka. Anaongeza wigi na gundi. Hatimaye hathubutu kutoka nje ya nyumba bila kufunika kichwa, wala kukubali mumewe amwone akiwa wazi.

Huo ndio uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Tena aibu hiyo huwazuia wengi kwenda kwa daktari wakati angali na uwezo wa kuwasaidia. Mficha maradhi, kama ujuavyo, kilio humfichua.

Ufanye nini kwenye kiti cha msusi?

Hakuna anayekuambia uache kusukwa. Ususi ni sanaa yetu ya tangu jadi, na ni riziki ya maelfu ya akina mama. Ukipita Kenyatta Market jijini Nairobi, utakuta wasusi wawili, watatu au hata wanne wamemzunguka mteja mmoja, kila mmoja na upande wake, vidole vikikimbia kama vya mpiga kinanda. Kazi ambayo ingechukua siku nzima humalizika kwa saa chache. Wengi wao wanasomesha watoto kwa vidole hivyo. Lakini msusi hawezi kuyahisi maumivu yako. Ni wewe unayepaswa kumwambia, tena mapema.

Mwambie alegeze tangu rasta ya kwanza. Usingoje hadi amalize nusu ya kichwa ndipo uanze kulalamika, kwa kuwa hapo atakuwa mzito wa kufumua na wewe utakuwa mzito wa kusema. Ukimwambia kwa adabu, "Dada, hapo mbele niwekee mkono mwepesi," hakuna msusi anayejali wateja wake atakayekasirika. Akikasirika, basi kichwa ni chako na saluni ni nyingi.

Chagua rasta nene kiasi badala ya zile nyembamba kama uzi, na urefu usiokuwa mzigo. Waombe wasiviguse vile vinywele laini vya ukingoni. Kama zimelainishwa kwa dawa, ni bora usizisuke kabisa. Na ukishindwa kujizuia, acha angalau wiki mbili zipite baina ya dawa na msuko.

Ukifika nyumbani na kichwa kinauma, usimeze tembe ukalala. Fumua. Najua hilo ni gumu kulisikia, hasa baada ya kulipa pesa nyingi na kukaa kwenye kiti kuanzia asubuhi. Lakini pesa zitapatikana tena mwisho wa mwezi. Mzizi uliokufa haununuliki. Ikiwa huwezi kufumua zote, fumua walau zile za mbele na za panja.

Usikae na msuko mmoja hadi uote kutu. Rasta zisizidi miezi miwili au mitatu, na wivu usizidi wiki sita hadi nane. Baada ya kufumua, kipe kichwa likizo ya wiki kadhaa kabla ya kurudi. Badilisha mitindo pia, ili mvuto usiwe mahali pamoja kila mara. Na ulalapo, ziache nywele zikiwa huru badala ya kuzifunga fundo.

Kwa wazazi

Shule zinapofungwa, msichana hufurahi kwa sababu ataruhusiwa kusukwa anavyotaka. Mpe furaha hiyo, lakini weka masharti. Mtoto mdogo hahitaji rasta za nywele bandia wala dawa ya kulainisha. Matuta machache makubwa, ya nywele zake mwenyewe, yanatosha na yanapendeza. Akisema anaumia, mwamini. Usimwambie avumilie, kwani unapomfundisha kuvumilia maumivu ya msuko akiwa na miaka sita, unamfundisha asiusikilize mwili wake atakapokuwa na miaka 26.

Nanyi wanafunzi mnaobanana nywele kwa mipira ya kufungia vifurushi ili mwalimu wa zamu asiwaone mmetimka, tafuteni vitambaa laini, na msizivute hadi macho yakachongoka.

Tiba ipo, ukiwahi

Tiba ya kwanza, na iliyo muhimu kupita zote, haiuzwi dukani: ni kuacha kuvuta. Kwa aliyewahi, hilo pekee huweza kurudisha nywele, ingawa ni lazima awe na subira ya miezi kadhaa. Wengine huamua kunyoa na kuanza upya, na wala si aibu. Nywele fupi zinawapendeza wanawake wengi.

Daktari wa ngozi anaweza kukupa dawa ya kupunguza uvimbe, ya kupaka au ya kudungwa kichwani, na dawa ya vijidudu kama pana usaha. Ipo pia minoksidili, dawa iliyoanza kama tembe za shinikizo la damu hadi madaktari walipogundua kwamba inaotesha nywele. Leo hupakwa kichwani, lakini usiitumie bila ushauri, hasa kama una mimba, unanyonyesha, au ni kwa mtoto. Palipokwisha kuwa kovu, lililobaki ni upasuaji wa kupandikiza nywele, ambao ni ghali na haumfai kila mtu.

Je, na yale mafuta ya mbarika, maji ya vitunguu na michanganyiko inayouzwa mitaani kwa ahadi kwamba utaota nywele kwa siku saba? Mafuta yanaweza kulainisha nywele ulizo nazo na kuzipunguzia kukatika. Lakini hakuna mafuta yanayoweza kufufua mzizi uliokwisha kugeuka kovu. Ukiendelea kupaka mafuta huku ukiendelea kukaza misuko, unatwanga maji kwenye kinu.

Kwa hivyo, msomaji, wiki hii ukiketi kwenye kile kiti, au ukimpeleka bintiyo akasukwe kabla ya shule kufunguliwa, usinyamaze. Tamka neno moja tu: "Legeza." Msuko ukilegea baada ya mwezi, utasukwa mwingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kwa nywele zilizokwisha kung'oka na mizizi yake, hata wa kuujenga ukuta huo huenda asipatikane.